DG 307: Bendi Ambayo Haikuomba Kibali

Kesi iliyosikilizwa Praha tarehe 21 hadi 23 Septemba 1976 inajulikana mpaka leo kwa jina la kesi ya Plastic People. Ukiwatazama washtakiwa mmoja mmoja, jina hilo linaanza kupwaya. Walikuwa wanne. Vratislav Brabenec, mpiga saksafoni, ndiye pekee aliyekuwa mwanabendi wa Plastic People of the Universe. Svatopluk Karásek alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti aliyezoea kuimba peke yake na gitaa lake. Ivan Martin Jirous, mwanahistoria wa sanaa ambaye marafiki walimwita Magor, yaani kichaa, hakupiga ala yoyote. Wa nne, kijana wa miaka 25, alikuwa Pavel Zajíček, mshairi na mwimbaji wa bendi iliyoitwa DG 307. Jirous alifungwa miezi 18, Zajíček miezi 12, Brabenec na Karásek miezi minane kila mmoja. Kwa hiyo mwanabendi aliyepigwa kifungo kirefu zaidi katika kesi hiyo hakutoka kwenye bendi iliyoipa kesi jina lake.

Makala haya ni ya bendi hiyo ya pili. Ilianzishwa mwaka 1973, na maisha yake ya kwanza, ambayo ndiyo yaliyoifanya ikumbukwe, yalidumu kama miaka mitatu hivi. Haikuwa na ofisi, wala katiba, wala akaunti ya benki, wala santuri hata moja dukani. Kuiita taasisi kunahitaji ujasiri kidogo, nakiri. Lakini Chekoslovakia ya wakati ule ilijaa taasisi zenye majengo, magari na mihuri ambazo leo huwezi kumpata mtu wa kuzifanyia hafla. DG 307 inaandikiwa vitabu.

Tuanze na mihuri, maana bila kuielewa hutaielewa bendi.

Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti 1968, majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliingia Chekoslovakia kuyazima mageuzi ya Alexander Dubček, kiongozi wa chama tawala. Haukupita muda mrefu kabla vijana wachache wa Praha, akiwemo mpiga besi wa miaka 17 aitwaye Milan Hlavsa, kuanzisha Plastic People of the Universe. Jina walilichota kwenye wimbo wa Frank Zappa, na muziki walioupenda ulikuwa wa akina Velvet Underground na The Fugs. Aprili 1969 Gustáv Husák alishika nafasi ya Dubček, ukaanza utawala ambao wenyewe waliuita wa kurejesha hali ya kawaida. Katika hali hiyo ya kawaida, karibu wanachama nusu milioni wa chama tawala walifukuzwa au walijitoa, wanafalsafa na wanahistoria walijikuta wakichochea makaa kwenye vyumba vya boila, na wanamuziki wakaitwa kufanya mtihani.

Mtihani huo ulikuwa hivi. Bendi ilisimama mbele ya tume na kupiga nyimbo zake. Wanabendi wakaulizwa maswali ya nadharia ya muziki, na ya siasa pia. Tume ikishawapima, iliwapangia daraja, na daraja ndilo lililoamua walipwe kiasi gani kwa usiku mmoja na wapige kwenye kumbi gani. Aliyefeli hakuruhusiwa kupiga muziki kwa malipo, na kupata ukumbi ikawa tabu tupu. Nywele ndefu zilikupunguzia alama. Jina la Kiingereza na nyimbo za Kiingereza vilevile. Hakuna aliyehitaji kutamka neno marufuku: bendi zilinyoa, zikajipa majina ya Kicheki, zikajifunza nyimbo za kuchangamsha, na mambo yakaenda.

Plastic People hawakunyoa. Mwaka 1970 walinyang'anywa leseni, na kwa kuwa vyombo vilikuwa mali ya wakala wa serikali, vilichukuliwa pia. Mmoja wao, Josef Janíček, aliyekuwa fundi makanika, alikaa akaunda amplifaya kutokana na redio kuukuu za transista. Jirous, aliyekuwa kama mkurugenzi wao wa sanaa, naye alitafuta upenyo wake. Alikuwa mwanachama wa chama cha wasanii, na mwanachama wa chama hicho alikuwa na haki ya kutoa mihadhara. Basi akawa anatangaza mhadhara kuhusu Andy Warhol, anaonyesha picha chache ukutani na kueleza mawili matatu, kisha bendi inapanda jukwaani kuwaonyesha wasikilizaji jinsi muziki wa marafiki wa Warhol ulivyosikika. Maonyesho hayo ya mfano yalichukua saa mbili. Ujanja huo nao ulifika mwisho, na kuanzia 1972 bendi haikuwa tena na mlango wa kuingilia kumbi za Praha.

Nimeirefusha habari ya Plastic People kwa makusudi. Hawa walikuwa watu waliopokonywa kitu. Walikuwa na leseni, wakaipoteza, wakajaribu kuirudisha, wakashindwa. Serikali iliwaelewa watu wa namna hiyo na ilikuwa na faili lao. DG 307 ilikuwa jambo jingine kabisa.

Mwaka 1973 Hlavsa, huku akiendelea na Plastic People, aliungana na Zajíček, ambaye hakuwa mwanamuziki. Zajíček aliandika. Maandishi yake yalikuwa kati ya shairi na mahubiri, mengine mafupi kama kauli za mtu aliyegutuka usingizini, na hayakufuata vina. Hlavsa alijua kutafuta mdundo mmoja wa besi na kuung'ang'ania mpaka msikilizaji akubali yaishe. Waliobaki waliingia na kutoka, wengi wao wakiwa marafiki wa karibu tu. Kutojua kupiga ala hakukuwa kasoro, na nadhani ilikuwa sifa ya kujiunga. Bendi ya namna hiyo isingeweza kwenda mbele ya tume hata kwa mzaha. Tume ingewapima nini?

Jina lenyewe lilitoka hospitali. Katika toleo la nane la orodha ya kimataifa ya magonjwa, namba 307 ilikuwa ya matatizo ya akili ya muda yanayosababishwa na mazingira. DG ni kifupi cha madaktari cha neno la kutambua ugonjwa. Katika miaka hiyo vijana wengi wa Kicheki walikihangaikia cheti cha daktari wa akili, kwani kingeweza kuwaokoa na miaka miwili ya jeshi, kwa hiyo msimbo wa hospitali haukuwa kitu kigeni mezani kwao. Mimi jina hilo hunifurahisha kwa jinsi lilivyo na heshima ya kitabibu: mgonjwa ana shida ya muda, na chanzo cha shida ni mazingira anamoishi. Hakuna hotuba ya upinzani iliyosema hivyo kwa ufupi zaidi.

Kisha kuna vyombo. Gitaa la besi lilikuwepo, ngoma pia. Lakini waliobaki walipiga mabomba ya chuma, vipande vya vyuma chakavu, mashine ya kufyonza vumbi, na taipureta. Mashine ya kufyonza vumbi iliunguruma kwa sauti moja isiyokatika chini ya maneno ya Zajíček. Taipureta ilitoa mdundo mkavu, wa haraka, wenye kengele yake pale mstari unapoisha.

Hiyo taipureta tuisogelee. Katika nyumba za watu wa aina hii, taipureta ilikuwa ndiyo kiwanda cha vitabu. Kitabu kilichokataliwa na wachapishaji wa serikali kilichapwa nyumbani, kurasa nyembamba kama za kufungia chungwa zikipangwa na kaboni katikati, kumi au zaidi kwa mpigo mmoja. Ilibidi kugonga kwa nguvu ili herufi zifike kwenye nakala ya mwisho, na bado nakala ya mwisho ilikuwa ukungu wa buluu. Vidole viliuma. Majirani walisikia, na jirani wa miaka ile alikuwa mtu wa kuchungwa. Polisi wa usalama walikuwa na wataalamu wa kulinganisha herufi, maana kila taipureta ina kilema chake, herufi iliyopinda au iliyolika pembeni, na kilema hicho kilitosha kumpeleka mwenye mashine kituoni. Hata maandishi ya Zajíček yalisambaa kwa njia hiyo. Kwa hiyo DG 307 walipoigeuza taipureta kuwa ngoma, hawakuokota takataka ya kwanza waliyoiona. Masikio ya waliokuwa ukumbini yaliijua sauti ile na yalijua inakotoka.

Maneno yenyewe hayakuwa ya siasa, angalau si kwa namna ambayo ofisa wa siasa angeipigia mstari. Zajíček hakumshambulia Husák. Alimshambulia msikilizaji: uvivu wake, woga wake, nyumba yake ndogo ya wikiendi, jinsi anavyokula na kusahau. Alitumia matusi pale alipoona lugha safi inadanganya. Humo mna ukali ambao wakati mwingine unachosha, na sitaki kujifanya kila ubeti ni lulu. Baadhi ni kelele za kijana wa miaka 22 aliyegundua kuwa dunia ni chafu. Lakini hata hizo zilikuwa zake mwenyewe, kwa Kicheki cha mtaani, katika nchi ambako kila wimbo uliopigwa redioni ulikuwa umepita mikononi mwa watu kadhaa kabla haujafika kinywani mwa mwimbaji.

Walipigia wapi? Harusini, mara nyingi. Sherehe ya binafsi haikupitia kwenye tume ya muziki. Mtu akioa, akakodi ukumbi wa kijiji na kuwaalika marafiki, na marafiki hao wakawa na bendi, hilo lilikuwa jambo la familia. Habari ilipitishwa mdomo kwa mdomo, mara nyingine mahali penyewe pakitajwa dakika za mwisho. Watu walipanda treni hadi kituo kidogo, wakashuka na nywele zao mabegani, wakatembea shambani au msituni kwa kufuata mgongo wa aliye mbele. Ndivyo muziki huu ulivyohamia vijijini, na wazee wa vijiji vya Bohemia wakawa hadhira ya kwanza ya mambo ambayo wapenzi wa muziki wa Magharibi walikuwa bado hawajayasikia.

Njia hiyo haikuwa salama. Tarehe 30 Machi 1974, katika baa moja huko Rudolfov karibu na České Budějovice, onyesho la namna hii lilivunjwa na polisi. Vijana walisukumwa hadi kituo cha treni na kupitishwa katikati ya virungu kwenye njia ya chini ya reli. Wengi walipigwa, wengine wakashtakiwa, na wanafunzi kadhaa wakafukuzwa shule. Miezi mitano baadaye, tarehe 1 Septemba, watu walewale walikusanyika Postupice, kwenye harusi nyingine. Plastic People walipiga, DG 307 walipiga, na vikundi vingine vidogo vikapata nafasi. Siku hiyo inahesabiwa kuwa tamasha la kwanza la utamaduni wa pili.

Maneno hayo, utamaduni wa pili, ni ya Jirous. Februari 1975 alimaliza kuandika waraka alioupa jina la Ripoti kuhusu Mwamko wa Tatu wa Muziki wa Kicheki, ukasambaa kwa taipureta na kusomwa kwa sauti kwenye mikusanyiko. Hoja yake ilikuwa kwamba haifai kupigana na utamaduni wa serikali kuwania jukwaa lake. Liachwe. Wajengewe watu utamaduni mwingine pembeni, wenye kumbi zake, wasikilizaji wake na vipimo vyake vya ubora, usioutegemea ule wa kwanza kwa lolote. Jirous alikuwa mtu wa kupiga mistari ardhini, na aliyekubali kufanya mtihani wa tume aliwekwa upande wa pili wa mstari bila huruma. Wanamuziki wengine waliona hilo ni ukatili, nami nadhani walikuwa na sababu. Si kila mtu ana mgongo wa kubeba umaskini kwa ajili ya kanuni.

Lakini ukiisoma Ripoti ile ukitafuta bendi inayolingana nayo barabara, Plastic People hawalingani vizuri. Wao walianza ndani wakatolewa. Bendi iliyozaliwa nje, ambayo haikuwahi kusimama mbele ya tume na haikuwa na mpango wa kusimama, ilikuwa DG 307. Hawakuwa wanasubiri kutoka kimuziki. Hapo walipokuwa ndipo walipotaka kuwa.

Tamasha la pili lilifanyika tarehe 21 Februari 1976 katika kijiji cha Bojanovice, kusini mwa Praha. Mara hii mwenye harusi alikuwa Jirous mwenyewe. Watu mia kadhaa walifika. DG 307 walikuwa miongoni mwa waliopiga, pamoja na Plastic People, Karásek, na vikundi vyenye majina kama Umělá hmota na Hever & Vazelína, ambavyo ukivisikiliza leo utaapa ni vya panki. Polisi walizunguka, wakatazama, hawakuingilia. Walisubiri wiki tatu na ushee.

Tarehe 17 Machi kamatakamata ikaanza. Watu 19 waliwekwa mahabusu, Hlavsa na Zajíček wakiwemo. Nyumba zilipekuliwa, zikachukuliwa kanda, picha, maandishi na vyombo. Siku sita baadaye, tarehe 23 Machi, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ulianza kufanya kazi rasmi, na Chekoslovakia ilikuwa imeshauridhia. Sijui kama ofisa yeyote aliziangalia tarehe hizo mbili kwenye kalenda moja. Wengine waliziangalia.

Mmoja wao alikuwa mwandishi wa tamthilia Václav Havel. Tamthilia zake zilikuwa zimepigwa marufuku, na miaka michache kabla alikuwa akibeba mapipa kwenye kiwanda cha bia cha Trutnov. Mapema mwaka 1976 alikutanishwa na Jirous, ambaye alikuwa amesikia mengi mabaya kumhusu, kama Havel alivyokuwa amesikia mengi mabaya kumhusu Jirous. Walikaa usiku kucha. Jirous alimsikilizisha kanda za Plastic People na DG 307 kwenye tepurekoda kuukuu inayokwaruza, na Havel, ambaye hakuwa kijana wa muziki huo, alieleza baadaye kwamba alisikia humo ukweli wa watu walioumizwa na maisha. Alialikwa kwenye onyesho lililofuata. Halikufanyika, kwa kuwa wapigaji walikuwa mahabusu.

Havel alifanya kile ambacho wasomi wa Praha hawakuwa wamekifanya kwa ajili ya vijana wenye nywele ndefu: alizunguka kwa wazee wa heshima kuwaomba sahihi zao. Agosti 1976 barua ya wazi ilimwendea mwandishi wa Kijerumani Heinrich Böll, ikiwa na majina kama ya mshairi Jaroslav Seifert, ambaye mwaka 1984 angepata Tuzo ya Nobel, na mwanafalsafa Jan Patočka, mtu wa karibu miaka 70 ambaye muziki aliouzoea haukupigwa kwa mabomba ya chuma. Wazee hao hawakusema muziki ni mzuri. Walisema kwamba ukiweza kumfunga mtu kwa kuimba anachoamini kwenye harusi ya rafiki yake, hakuna aliye salama.

Wakati huo vijana watatu walikuwa wameshahukumiwa Plzeň, mwezi Julai, kwa sababu ya mkusanyiko uliofanyika Přeštice Desemba 1975, ambako Jirous alitoa mhadhara na Karásek akaimba. Hukumu zao zilipunguzwa katika rufaa baada ya kelele za nje. Septemba ikafika zamu ya wale wanne. Baada ya upelelezi mrefu na mashahidi wengi, serikali ilibaki na kifungu cha 202 cha sheria ya jinai, kifungu cha fujo za kihuni. Hapakuwa na siasa, ilisisitizwa: hawa ni wahuni waliotukana hadharani. Utetezi ukauliza harusi ya watu walioalikwa inakuwaje hadharani. Chombo kikuu cha ushahidi kilikuwa maneno ya nyimbo, na maneno mengi yalikuwa ya Zajíček, kwa hiyo mshairi wa DG 307 alijikuta akisomewa mahakamani mashairi ambayo hakuna mchapishaji wa nchi hiyo angeyagusa. Nadhani huo ndio usomaji wa hadharani uliohudhuriwa na maofisa wengi zaidi katika maisha yake.

Chumba cha mahakama hakikutosha. Waliobaki nje walijaa kwenye ngazi na korido: wanafalsafa, makomunisti waliofukuzwa chamani, Wakristo, wenye nywele ndefu. Walikuwa watu ambao kwa miaka walitiliana shaka. Havel aliyaandika aliyoyaona katika insha yake kuhusu kesi hiyo, na kwenye korido zile ndipo mazungumzo ya jambo kubwa zaidi yalipoanzia. Januari 1977 likatoka tamko la haki za binadamu la Charta 77, likiwa na sahihi zaidi ya 200 za mwanzo, na wasemaji watatu: Havel, Patočka na aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, Jiří Hájek. Serikali ilijibu kwa mahojiano yasiyokwisha. Patočka alifariki tarehe 13 Machi baada ya mfululizo wa mahojiano hayo.

Sasa tulinganishe kalenda mbili. Novemba 1976 Sex Pistols, bendi ya panki, walitoa wimbo wao wa kwanza London. Tarehe 1 Desemba walitukana mubashara kwenye televisheni ya Uingereza, magazeti yakawaka moto, na mwezi uliofuata kampuni ya EMI ikavunja mkataba wao na kuwaachia fedha waliyokwisha kupokea. Zajíček alikuwa gerezani muda wote huo, akitumikia miezi yake 12 kwa maneno ya aina ileile aliyoyatamka mbele ya marafiki kijijini. DG 307 hawakuisikia panki ya London kabla ya kuanza, wasingeweza, kwa kuwa haikuwepo. Wanaoiita bendi ya panki wanatumia neno lililokuja baadaye. Sioni ubaya. Kupiga bila kujua kupiga, kukataa kusubiri ruhusa, kumkabili msikilizaji badala ya kumburudisha: hayo yote yalikuwepo Bohemia mwaka 1973, isipokuwa hapakuwa na meneja wala kampuni ya santuri.

Kukosekana kwa santuri ndiko kunakoeleza, zaidi ya kitu kingine, kwa nini jina la bendi hii lilizama chini ya jina la Plastic People. Plastic People walikuwa na jina la Kiingereza lililokaa vizuri kwenye magazeti ya Magharibi. Waliwahi kuwa na mwimbaji Mkanada, Paul Wilson, ambaye baada ya kufukuzwa nchini mwaka 1977 alikuwa mtangazaji wao asiyechoka. Mwaka 1978 albamu yao, yenye maneno ya mshairi Egon Bondy, ilichapwa Ufaransa. DG 307 walikuwa na herufi mbili na tarakimu tatu. Kanda zao zilizochukuliwa nyumbani hazikuvuka mpaka hadi mwaka 1982, pale lebo ya Šafrán, iliyoendeshwa na Wacheki waliokimbilia Sweden, ilipotoa sehemu ya kazi zao, tena kazi za kipindi cha baadaye.

Kwa maana kipindi cha baadaye kilikuwepo. Zajíček alitoka gerezani 1977, na mwaka 1979 aliifufua DG 307 akiwa na sura nyingine. Sauti ilikuwa imetulia, nyimbo zikawa za kutafakari, na ule ukali wa vyuma ukapungua. Wapo wanaokipenda kipindi hiki kuliko cha kwanza. Mimi nakiheshimu tu. Hakikudumu. Polisi wa usalama walikuwa na operesheni waliyoiita Asanace, yaani usafishaji, ambayo lengo lake lilikuwa kumsumbua mtu kwa mahojiano, vitisho na kipigo mpaka aombe mwenyewe kuondoka nchini. Zajíček aliondoka 1980 kwenda Sweden, kisha New York. Karásek aliondoka mwaka huohuo kwenda Uswisi, Brabenec akaenda Kanada 1982. Kati ya wanne wa kizimbani alibaki Jirous, ambaye kwa jumla ya vifungo vyake alikaa gerezani zaidi ya miaka minane.

Kuna waliojaribu njia ya mhuri, na haki yao nayo isemwe. Jazzová sekce, idara ya jazi iliyoundwa mwaka 1971 ndani ya chama halali cha wanamuziki, ilitumia kila tundu la kanuni: iliwachapishia wanachama wake vitabu ambavyo havikupitia udhibiti wa kawaida, na kwenye Siku za Jazi za Praha ikawapa jukwaa vijana waliopiga kila kitu isipokuwa jazi, ikiwemo panki ya mwanzo. Mwaka 1984 serikali ilikivunja chama kizima ili kuiua idara hiyo moja. Machi 1987 mwenyekiti wake, Karel Srp, alifungwa miezi 16. Na bendi changa za panki, zile zilizofanya mtihani na kunyoa kidogo, zilishukiwa mwaka 1983 na Tribuna, gazeti la chama tawala, zikafungiwa kumbi mmoja baada ya mwingine. Aliyeomba kibali na asiyeomba walifika mlango mmoja.

Mengine yanajulikana. Novemba 1989 utawala ulianguka, na tarehe 29 Desemba Havel akawa rais. Karásek alirudi akawa mbunge. Hlavsa alipiga besi Ikulu ya Marekani Septemba 1998, kwenye hafla ya heshima ya Havel, akiwa jukwaa moja na Lou Reed wa Velvet Underground, ambaye nyimbo zake alikuwa amezijifunza kwa masikio akiwa kijana. Hlavsa alifariki Januari 2001. Jirous alifuata Novemba 2011. František Stárek, mmoja wa wale watatu wa Plzeň na mwanzilishi wa jarida la siri la Vokno, aliingia katika idara ya ujasusi ya nchi mpya, kisha akafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa tawala za kiimla, ambako majalada ya polisi wa zamani ndiyo malighafi ya kazi. Mwandishi wa riwaya angeambiwa amezidisha.

Zajíček alirudi miaka ya 1990, akaikusanya DG 307 kwa mara nyingine, safari hii ikiwa na ala za nyuzi na watu waliokuwa watoto wakati wa Bojanovice. Aliendelea kuandika, kuchora na kupanda jukwaani hadi uzeeni. Alifariki Machi 2024.

Anayetaka kuisikia bendi ile ya kwanza asianze na rekodi hizo za mwisho. Mwaka 2004 lebo ya Kicheki ya Guerilla Records ilitoa mkusanyo wa kanda zilizosalia za 1973 hadi 1975, uitwao Historie hysterie. Ubora wa sauti ni mbaya, kama unavyotarajiwa kwa kanda za nyumbani zilizonakiliwa na kufichwa kwa miongo mitatu, na huhitaji kujua Kicheki ili kutambua ni wapi Zajíček ameacha kuimba na kuanza kumsema mtu.